Uzi Uliopita Juu Mara Mbili

Duka langu liko Ennistymon, limeupa mto mgongo,
pale Inagh unapoporomoka jiwe kwa jiwe
na kelele zake kuimeza sauti ya sindano.
Ukutani nimebandika vielelezo:
msalaba wenye duara shingoni,
mizingo mitatu ya konokono iliyoshikana kitovu,
mbwa anayejiuma mkia, mti ambao mizizi yake
imepanda juu ikasalimiana na matawi.
Na mafundo. Mafundo ya kila namna.

Watu huuliza maana kabla ya bei.
Ningesema kweli ningefunga duka:
waliochonga mizingo hii kwenye mawe
hawakuacha barua.
Basi maana huwapa mimi.
Mitatu? Nchi kavu, bahari, mbingu.
Kwa mjane: alikuwako, hayuko, atakuwako.
Kwa bwana harusi aliyelewa: wewe, yeye, na mama mkwe.
Uongo? Sijui.
Hata daktari huanza kwa kumtazama mgonjwa usoni.

Derbhla Considine alikuja ana miaka kumi na tisa,
tiketi ya Saskatoon mfukoni,
kavaa koti la kaka yake, maji yakimchuruzika.
Akachagua fundo, lile lisilo mwanzo wala mwisho,
uzi mmoja ukipita juu, chini, juu, chini,
hata jicho likakinai.
"Lina maana gani?"
Nilikuwa fundi mchanga; fundo kwangu lilikuwa fumbo.
Nikasema, "Ni mtu anayelizunguka ziwa.
Aelekee upande wowote, mlango ni uleule."
Akacheka, akanyoosha mkono.

Miaka ishirini na miwili.
Leo mchana kengele ya mlango ilipolia, aliingia yeye,
nywele zimeshika majivu, nyuma yake kijana mrefu.
Akapandisha sweta, akaniwekea mkono mezani
kama mtu anayemrudishia mwokaji mkate mbichi.
"Hapa," akasema, akagusa karibu na kifundo.
Nikavaa miwani.
Uzi umepita juu, na pale ulipopaswa kuzama
umepita juu tena.
Kosa. Langu. Limesafiri nusu ya dunia.

Damu ikanipanda masikioni. Nikasema nitalifunika, bure,
jani dogo, kivuli, hakuna atakayejua.
"Usithubutu."

Akaeleza, bila haraka: Saskatoon, baridi
ya kugandisha kope, wodi ya wazazi,
mtoto wa kwanza aliyekataa kulia.
Usiku ule aliufuata uzi kwa kidole,
akazunguka, akazunguka, hapana pa kutokea;
fundo zuri halina huruma.
Hadi kidole kikakwama hapa.
"Nikajua niko wapi. Tangu siku ile,
nikipotea, huanzia hapo."

Mto ukatujazia duka kelele.
Sikuwa na la kuongeza. Maana zangu zote za ukutani
zilikuwa zimegeuka bei tu.

Kijana, Cathaoir, mtoto wa pili, akavua koti.
"Nataka kama la mama. Pamoja na hilo."

Nikawaambia waje kesho.
Na usiku huu nimekaa na karatasi, penseli, taa,
chai imepoa hata ikaota ngozi,
na mkono huu uliofundwa zaidi ya miaka ishirini
kila ukifika pale unazama wenyewe,
chini, sahihi, kama ng'ombe anayejua zizi.
Karatasi ya tisa. Ya kumi.
Kukosea kwa makusudi si kazi ya mchezo:
juu, chini, juu,
juu —

Nimefuta.
Hili linajua kwamba ni kosa.