Hesabu ya Belmiro

Nje kidogo ya Coruche, mwezi wa saba,
kabla jua halijatoka,
mjomba Belmiro anaugonga mwaloni kwa mpini wa shoka
na kutega sikio,
kama mtu anayebisha hodi kwa jamaa
asiyetaka kuamsha watoto.
"Leo utavulika," anasema.
Kisha, bila kunitazama:
"Usoni mwangu hamna kitu. Piga mti."

Nina kamera ya marehemu baba,
ngozi imebanduka pembeni.
Ndani mna mkanda mmoja, picha thelathini na sita,
na sina mwingine; duka la Évora limefungwa,
mwenyewe kahamia kwenye simu.
Kwa hiyo nabana. Nahesabu pumzi.

Yeye anapiga shoka, mimi napiga picha,
kitenzi ni kimoja,
ila shoka lake lina adabu kuliko kidole changu.
Linaingia, linageuzwa kidogo,
gome linalia kama bawaba kavu
na kutoka zima, limejikunja,
limekumbatia shina lisilokuwemo.

"Usimguse mama."
Mama ni ule utando wa ndani,
mbichi, wa rangi ya ulimi.
Ukimkwaruza, kovu hilo mti utazeeka nalo.

Nami naukumbuka utando wangu
uliojiviringa gizani ndani ya kamera:
nao una mama yake, wa fedha,
anayeumizwa na mwanga ukizidi chembe.

Adhuhuri, mkate na zeituni.
Belmiro anachomoa kalamu ya risasi sikioni.
"Umebakiza ngapi?"
"Kumi na moja."
"Na zote ni ngapi?"
Anaandika kwenye tumbo la gome, upande laini:
thelathini na sita mara tisa,
maana mwaloni huvuliwa mara moja kila miaka tisa.
Mia tatu ishirini na nne.
"Mti ungepewa mkanda wako," anasema,
"ungekufa haujaumaliza!"
Anacheka mpaka zeituni inampalia.

Halafu anachovya brashi,
anaandika tano nyeupe kwenye shina jekundu,
tarakimu ya mwisho ya mwaka huu.
Mara ya mwisho ilikuwa sita. Kabla ya hapo, saba.
Ijayo itakuwa nne.
Ana miaka sabini na sita,
na hiyo hesabu hakuiandika popote.

Usiku, bafuni kwa shangazi Zulmira.
Taulo chini ya mlango, dawa ndani ya kopo;
natikisa, napumzisha, natikisa.
Huku ndiko kusafisha picha,
ingawa ninachotafuta ni vumbi lile lile la mchana.
Naanika mkanda kwenye kamba, katikati ya soksi.
Kwenye negativu dunia imepinduka:
mbingu ni lami,
na Belmiro, aliyebabuliwa na viangazi hamsini,
ana uso mweupe pe
kama mtu ambaye hajawahi kutoka ndani.

Ya ishirini na mbili imeharibika.
Nilisahau kuzungusha mkanda;
shina na mikono yake vimelaliana,
mishipa imeingia kwenye nyufa,
kucha zimeota juu ya fundo la mti.
Nilishashika mkasi.
Sijui kwa nini niliichapa.

Jumapili nampelekea zote.
Anavaa miwani, anazipitia upesi
kama mtu anayegawa karata,
mpaka anafika kwenye ile.
Ananyamaza. Anaisogeza dirishani.
"Huu ni ule wa karibu na kisima," anasema.
"Tazama hapa, ni mimi niliyemkata mama
mwaka ule wa saba. Nilidhani hatapona.
Kumbe amefunga vizuri."

Anapapasa kovu kwenye karatasi
kwa kidole gumba,
na kovu lile, mistari miwili iliyopishana,
liko kwenye kidole hicho hicho.

Sikumwambia.
Nilimkatia mkate.