Wingu la Kukodi

Valdivia, Juni. Mvua ya siku ya kumi na tisa.
Mawingu ya bure tunayo, yamekaa juu ya paa
kama wadai mlangoni,
na mimi, Nélida Oyarzún, mjane,
mwoka mikate niliyestaafu,
natafuta wingu la kukodi.

Diski imeanza kukohoa.
Fundi Catrileo aliitega sikio
kama mtu anayechagua tikiti maji.
Akiba haiozi, nilimwambia.
Diski huoza, mama, akanijibu.

Basi nimechora safu tatu
kwenye karatasi ya kufungia mkate.

La kwanza ni rahisi, ila picha wanazibana
hadi Eleuterio anapoteza vishimo vya mashavu.

La pili hubeba kila kitu,
lakini ukifuta kwako, nalo linafuta kwake.
"Hiyo si akiba," kasema Catrileo,
"hicho ni kioo."

La tatu ni ghali.
Seva zao ziko Ufini, ndani ya mwamba,
mahali ambapo ardhi haitikisiki.
*Haitikisiki.* Nimelipigia mstari mara mbili.
Mwaka wa sitini mama alikuwa na mimba yangu
mto ulipopanda ngazi za nyumba.
Waliokoa cherehani
na bata mmoja, sijui kwa nini bata.
Picha, hata moja.
Sura ya babu yangu naijua kwa kusimuliwa:
pua ndefu, wanasema, halafu wanabishana.

Na wameandika, kabla hata ya kutaja bei:
*Ukisahau nywila, hatuna la kukusaidia.*
Napenda mtu anayesema hivyo
kabla hajashika pesa.

Usiku nikawaandikia:
Nikifa, na kadi ya benki ikafa nyuma yangu,
mtangoja siku ngapi?
Dakika nne, kimya.
Kisha mtu aitwaye Ilkka akajibu:
*Siku sitini, bibi. Baada ya hapo tunafuta.*
Sitini tena.
Nilimpenda kwa zile dakika nne.

Sasa inapanda. Asilimia tatu.
Gigabaiti mia mbili na kumi
kwenye laini nyembamba kama uzi wa tambi.
Siku kumi na saba, yasema kompyuta,
mvua ikiruhusu, naongeza mimi.

Nywila nimeiandika kwa penseli
nikaitia kwenye mkebe wa hamira
ambao binti yangu Fresia hajaufungua maishani mwake.
Itabidi nimwambie.
Jumapili, labda, akija kula.

Hesabu za duka zimepita. Mapishi yamepita.
Chini ya skrini naona jina la faili linalosafiri:
sekunde arobaini za Eleuterio,
simu mpya mkononi, amejirekodi bila kujua,
anapumua, anabonyeza, anapumua,
halafu ananiita kutoka jikoni:
"Néli, sasa hii inazimwaje?"