Korona Moja

Tangu Novemba nimeifungua,
na sasa theluji imefika kizingiti cha gereji.
Fremu inaning'inia darini kwa kamba mbili
kama mbuzi aliyekwisha kuchunwa,
matumbo yake nimeyatandaza mezani juu ya magazeti:
pistoni, klachi, kabureta iliyoganda
kwa petroli ya miaka thelathini.
Harufu imehamia kwenye nywele zangu.
Kazini, benki, wananusa na kunyamaza.

Ni Jawa ya mwaka hamsini na saba,
nyekundu zamani, sasa rangi ya ini.
Mjomba Vendelín aliipanda kwenda mgodini
zamu ya alfajiri, mvua, barafu,
wala hakuinunulia kipuri hata kimoja.
Mama husema: bahili.
Husema hivyo, kisha hufunga mdomo kama mkoba.

Nami nalegeza nati baada ya nati,
naikuta mikono yake kila mahali.
Gasketi kaikata kwenye ulimi wa buti.
Pini ya breki ni spoki ya baiskeli.
Nilikuwa na baiskeli mimi.
Nakumbuka gurudumu lilivyopinda kiangazi kile,
na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Jirani Radovan huja jioni na kitabu cha namba za vipuri,
huvuta miwani puani, huhukumu:
"Hii siyo. Na hii siyo.
Hii, Zdenka, ni aibu."
Yeye anazo tatu, zinang'aa kama meno ya bandia,
na haziendi popote.

Usiku ule nilipoipindua injini,
chini ya sanduku la gia, kwenye bolti ya oili,
nikaona washa.
Niliipangusa kwa kidole gumba, masizi yakatoka,
akatokea mwanamke amepiga goti, anapanda mche.
Korona moja.
Imetobolewa kwa keekee, tobo limemla kiuno,
amebaki magoti, mkono na majani.
Nchi iliyoipiga chapa haimo tena kwenye ramani.
Dukani isingenunua hata njiti ya kiberiti,
na huku chini bado ilikuwa kazini,
imebanwa ndi ndi ndi, haivujishi.

Chanda chema huvikwa pete.
Bolti hii haikuwa njema, nyuzi zake zimelika,
naye akaivika.

Washa halali ilikuja kwa posta kutoka Brno
katika kibahasha kilichoandikwa namba.
Radovan aliibusu. Niliifunga.
Korona nikaitupia kwenye kopo la chai
pamoja na skrubu zisizo na wenyewe.

Msasa. Rangi. Msasa tena.
Mwanya wa plagi niliupima mara tatu.
Machi, theluji ikageuka tope,
nikapiga kiki. Mara kumi. Ishirini.
Goti likaniwaka moto.
Ya ishirini na mbili ikakohoa, ikatema moshi wa samawati,
ikashika, pap-pap-pap-pap,
kikombe cha Radovan kikatembea chenyewe mezani.

Na chini, sakafuni: tone.
Tone.
Tone.

Nilizima. Nilingoja chuma kipoe.
Nikalifungua kopo.
"Waamuzi wa maonyesho watakukata alama," alisema Radovan.
"Wakate."

Haikutona tena.

Asubuhi Mama aliteremka na ndara zake,
akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.
Sikumwambia neno. Nilimpa tochi
na kile kioo kidogo cha mpini mrefu.
Aliinama, akakawia huko chini,
hata nikahofia mgongo wake.

"Kila Ijumaa alinipa moja," alisema, sauti ikitoka uvunguni mwa injini,
"nikanunue peremende.
Ijumaa moja akaniambia hana.
Niligoma kuzungumza naye mpaka Pasaka."

Akanyoosha mgongo. Akajipangusa magoti.

"Haya basi. Iwashe."