Kituo cha Sita

Mwalimu Bugumba alituonya: msije na kalamu ya wino.
Wino ukilowa hukimbia, risasi hukaa.
Nikachonga penseli kwa wembe,
nikaichomeka sikioni kama seremala,
nikavaa mabuti ya mpira kwa hofu ya kichocho,
tukashuka Luchelele saa kumi na mbili na nusu,
mawe bado ya baridi, pimbi wakitukodolea
kama wazee wa kanisa wanaotazama waliochelewa misa.

Ng'washi alitaka tuimbe kwanza.
"Utaimba baadaye," alisema mwalimu, "upepo unaamka."
Sala yake ilikuwa fupi:
Bwana, tusione tunachokitaka. Tuone kilichopo.
Amina.

Kituo cha kwanza: sahani nyeusi na nyeupe
ikateremka kwa kamba hadi ikatuponyoka machoni.
Sentimita mia moja arobaini na mbili.
Ajabu ya somo hili, unapima
pale ambapo macho yameshindwa,
kisha unapaandikia namba.

Kituo cha pili, konokono ishirini na mmoja.
Cha tatu, kimia kidogo, furu wanne,
mmoja ana wekundu begani kama kaungua jua.
Mwalimu anasema wenzao wengi waliisha
kabla mtu hajawapa jina.
Kazi ya kwanza kabisa tuliyopewa pale bustanini
ilikuwa hiyo, kuita majina.
Tumefika na daftari la mahudhurio mkononi,
darasa limekwisha kutawanyika.

(Bibi yangu wa Kayenze huitaja ningu
kama mtu anavyomtaja shemeji aliyehama
bila kuaga.)

Cha nne. Cha tano. Matete, magugu maji,
ndala moja ya mtoto, ya kushoto.

Kituo cha sita, kwa macho, maji yalipendeza:
kijani laini, kama kitenge hakijafuliwa.
Sahani ikapotea kwenye thelathini.
Nikarudia. Ishirini na nane.
Tukafuata harufu, na harufu ikatufikisha kwenye bomba,
na bomba likapanda mteremko ndani ya matete,
likapita chini ya migomba ya masista,
likaishia nyuma ya nyumba ya mafungo,
tulikolala jana, tulikokula ugali na sato,
tulikonawa mikono tukisema asante.

Sabuni yetu. Choo chetu.
Hakuna aliyesema kitu. Ng'washi alitazama mabuti yake.

Bwana Rwegoshora, msimamizi wa nyumba, ni mtu mwema;
vitanda alitupa bure, hata chandarua.
Na ripoti itasomwa jimboni.
Penseli yangu ina kifutio kichwani, chekundu, kipya.
Wala kufuta si lazima:
ukitia moja mbele ya ishirini na nane,
ziwa linatakata.

Ijumaa za Kwaresima, parokiani Butimba,
kituo cha sita ndicho nilichokipenda tangu utotoni.
Mwanamke anachomoka kwenye umati na kitambaa,
anaufuta uso wenye jasho na damu,
na uso haufutiki, unahamia kwenye kitambaa.
Miaka yote nilidhani ni habari ya huruma.
Sikujua ni habari ya ushahidi pia,
kwamba waweza kumfuta mtu uso
na ukabaki umeushika, huna pa kuuficha.

Nikaiacha ishirini na nane.
Nikaikoleza hata ncha ikavunjika.

Jioni Bwana Rwegoshora alilisoma daftari mara mbili,
akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati,
akauliza shimo jipya litakula simenti mifuko mingapi.
Mwalimu alisema hajui, yeye si fundi,
ila anajua kina cha maji.
Wakacheka kidogo, si sana.

Fundi aliahidi Jumatatu. Leo ni Alhamisi.
Nasikia usiku bomba likiteremka,
na kila niogapo najikuta nahesabu:
ndoo moja, lita ishirini,
migomba, matete,
kituo cha sita.