Kreti Lilelile

Mpunguzi, saa mbili asubuhi. Vumbi la barabara ya Iringa
limekwisha kukaa juu ya mzani kabla yetu.
Ndahani anapangusa skrini kwa mkono wa koti lake la kijivu,
anapakia kreti la Sechelela: zabibu nyeusi,
nyingine zimepasuka, nyuki wawili wamekuja nazo.
Mzani unasema arobaini na mbili na nusu.
Skrini yangu inasema thelathini na moja,
uzito wa mtu wa jana.

"Mla ni mla leo," anasema Sechelela, "mla jana kala nini?
Au mwiteni huyo wa jana aje kuchukua hela zangu."
Foleni inacheka.
Mimi niliyeiandika programu sicheki.

Ndahani, bila haraka, anagusa kitufe cha lugha:
Kiingereza, kisha Kiswahili tena,
na tarakimu zinaruka, zinakaa mahali pake.
"Ndivyo ilivyo," ananiambia. "Inataka kutekenywa kwanza.
Wiki ya tatu sasa."

Wiki ya tatu! Na hakunipigia simu.

Nakaa juu ya ndoo, kompyuta magotini,
najisoma kama barua ya mtu nisiyemjua.
Ukurasa ni mti uliopinduliwa, shina juu angani:
shina ndilo mzazi, chini yake ghala, chini yake safu ya wakulima,
na kijisanduku cha uzito, kitukuu, huko mwisho kabisa.
Kidole kikigusa, saa ikigonga, jibu likirudi kutoka kwenye seva,
mkaguzi anaamka shinani, anashuka
mlango kwa mlango na swali lake moja:
*Ulichonacho ndicho nilichokuacha nacho?*
Ndicho: anapita.
Sicho: anachovya brashi, anapaka upya.

Lakini tableti ya ghala ni ya bei ya chini,
ilikuwa inachemka kama kikaango kwa hizo safari zake.
Nikamfundisha uvivu. Nikamwambia: milango ya huku chini
usiifungue mpaka uone imeletewa kreti jipya.
Akatii. Mkaguzi hutii kuliko unavyotaka.
Haangalii zabibu. Anaangalia namba ubavuni mwa kreti,
na namba ikiwa ileile, kwake
hakuna kilichotokea duniani.

Na mimi, kwa mkono wangu, mstari wa mia mbili na kumi na nne,
nilikuwa namwaga mavuno ya leo ndani ya kreti la jana.

Kitufe cha lugha hakikujua lolote kuhusu uzito.
Kilipeleka neno jipya kila mlango, basi,
na mlango ukishafunguliwa, hata kwa sababu isiyouhusu,
vyote vilivyokuwa ndani vinaonekana.

Dawa ni fupi, mistari miwili:
usichokonoe cha zamani, unda kreti jingine,
hamishia humo kila kitu, badilisha kimoja, kabidhi.
La kale liache. Lina wafagiaji wake.

Saa tano kasoro. Sechelela analipwa, anahesabu mara mbili,
ya pili kwa sauti.
Skrini inafuata mzani bila kuguswa.
Nafunga begi. Ndahani yuko pale pale, koti lile la kijivu,
kofia ileile, kalamu ileile sikioni.
Tangu mwaka jana namuuliza, "Habari za kazi?"
Ananijibu, "Salama," nami napita.

Leo sijui kwa nini nasema, kwa Kigogo cha bibi yangu,
Kigogo changu kibovu cha Nkuhungu: "Mbukwa, Ndahani."

Anageuka. Anaitoa kalamu sikioni,
anaiweka juu ya mzani, nao unaipima: sifuri.
"Mbukwa," anasema. Kisha, baada ya muda:
"Mtoto yuko Jenerali, amelazwa.
Wiki ya tatu sasa."