Fungu la Nyange

Ofisi yetu ni chumba cha nyuma cha skuli ya chekechea,
viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu.
Mwenyekiti Khatibu Dadi hufungua kila kikao
kwa kuomba radhi kuwa hakuna chai.
Mimi ni katibu. Daftari langu jalada lake lina twiga,
mnyama ambaye Kisiwa Panza nzima hakuna aliyemwona.

Siku tuliyofunga mwamba niliandika kwa wino mwekundu:
miezi mitatu, hapana mchokoo, hapana unyayo,
toka dumu la njano mpaka dumu la njano.
Khatibu akasema, kata pua uunge wajihi.
Nyuma huko mtu akajibu:
pua tulikata mwaka jana kwenye mwani,
mwaka juzi kwenye karafuu. Wajihi u wapi?
Nikaandika: *Mjumbe mmoja alitoa maoni.*

Mshika fedha ni Bi Mize Shaame.
Sanduku la bati, kufuli tatu,
funguo kwa watu watatu, na mmoja wao
yuko Tanga anauza viatu.
Basi petroli ya doria inatoka kwenye maandazi yake.

Kuna siku alikuja bwana samaki kutoka Wete na picha zake.
Pweza jike, alisema, akishataga
hujifungia pangoni, huyapepea mayai kwa maji,
hali, hatoki, hata kaa akipita mlangoni;
mayai yakianguliwa, na yeye ndiyo basi.
Chumba kikanyamaza.
Bi Mize akauliza: "Na yeye hana posho?"
Tulicheka mpaka kiti kimoja kikatoa mguu.
Nikaandika: *Tulipata elimu.*

Wiki ya tisa, mwezi mpevu, maji yamekupwa hadi mbali.
Kombo Chumu, mlinzi, tochi yake haiwaki bila kofi,
alinipigia saa tisa za usiku.
"Njoo na daftari," akasema,
kisha akakaa kimya kidogo. "Njoo tu."

Pweza watatu kwenye uzi, wadogo,
kila mmoja ngumi ya mtoto.
Na aliyeushika uzi ni Mbarouk,
tumbo moja, ziwa moja.
Hakunitazama mimi. Alimtazama twiga.
"Andika," akasema. "Faini elfu hamsini, andika.
Na mwanangu tangu jana hajala,
andika na hilo."

Daftari lina safu ya jina, safu ya kosa, safu ya faini.
Safu ya njaa hatukuipiga mstari.
Niliandika pembeni, herufi zikapanda ukingoni.
Bi Mize akafungua fundo la kanga,
akaweka elfu kumi mezani:
deni la maandazi, akasema.
Hakuna aliyeuliza la nani.

Siku ya kufungua, wanawake walikuwa wamejaa ufukweni kabla ya alfajiri,
kanga zimefungwa kibwebwe, michokoo begani.
Mizani tuliitundika kwenye boriti ya gati.
Kilo moja u nusu. Mbili. Mbili na robo.
Bi Time Hamadi alikuja na mmoja wa kilo nne,
amemzunguka shingo kama mtoto anayekataa kushushwa.
Mbarouk alisimama wa mwisho katika foleni.
Wake ulikuwa kilo kasorobo.
Nikamwandika kwa wino wa buluu, kama wengine.

Mnunuzi wa Mkoani, alipouona wingi ule, akashusha bei.
Hilo nalo nimeandika.

Jioni, kikao. Mwenyekiti akaomba radhi, hakuna chai.
Ajenda moja: tufunge tena, miezi minne safari hii?
Nje watu bado wanapiga pweza kwenye jiwe,
pa, pa, pa, mpaka nyama ilainike.
Mikono ikapanda polepole,
mmoja una mkato wa tumbawe, mmoja umeshika bado mia mbili,
mingi ina weusi wa pweza usiotoka kwa sabuni.
Nikahesabu kumi na tisa.
Wangu ulikuwa umeshika kalamu.