Nyuzi Ishirini

Chumba chetu hakijui Januari.
Nje, Coventry imejifunika theluji chafu,
basi la Foleshill linapita likikohoa,
humu ndani ni nyuzi joto ishirini, usiku na mchana,
maana chuma nacho huvimba kikisikia joto,
hata la kiganja changu.
Ndiyo sababu navaa glavu kama mkunga.

Jana jioni Clifford Houghton alileta maikromita ya baba yake,
imefungwa flana, ndani ya kisanduku cha mbao,
na kwenye fremu, kwa herufi za kizamani, jina la Uingereza.
"Anza na hii," alisema, "ndipo upime yale makopo."
Makopo ni sita, kutoka China,
bado yananuka mafuta ya kiwandani,
meneja kayanunua yote kwa bei ya jozi ya viatu.

Namwelewa Clifford.
Tanga, baba alikuwa na msumeno.
"Huu wa Mjerumani!" alisema,
akiugonga bapa kwa ukucha ulie,
na ule mlio ndio uliokuwa cheti.
Cha Mchina kilikuwa kile kinachokufa kabla ya Idi.
Baada ya arobaini yake tuliupiga msasa ule msumeno.
Chini ya kutu tukasoma: Sheffield.
Hakuna aliyesema neno.
Mama akaurudisha ukutani.

Vyombo vyote saba vililala humu usiku kucha
mpaka vikasahau vilikotoka.
Asubuhi nafuta vipande vya kipimo, navitelezesha
vishikane bila gundi, bila sumaku,
kama ndugu waliosameheana.
Nazungusha. Inaalika mara tatu. Nasoma.

Ya baba yake Clifford: kwenye sifuri, sawa.
Kwenye ishirini na tano, sawa.
Kwenye kumi na mbili, maikroni nne zimepotea.
Imelika hapo hapo, katikati,
pale mzee alipopima ekseli ya aina moja
miaka thelathini, mpaka kiwanda kikafungwa.
Si kosa la chuma. Ni uaminifu uliokula uzi wa skrubu.

Makopo:
ya kwanza, sifuri.
Ya pili, sifuri. Ya tatu, maikroni moja. Ya nne, sifuri.
Ya tano, kumi na moja.
Narudia. Kumi na moja.
Ya sita, moja.

"Unaona!" anasema Clifford, amesimama mlangoni,
macho yake kwenye ya tano tu.

Ndani ya kila kisanduku mna karatasi
yenye muhuri wa mkaguzi, namba saba,
zote sita, mkono uleule.
Ningependa kumuuliza namba saba:
ile ya tano ilikuwa saa ngapi?
Mtoto alikuwa na homa?
Nani alisimama nyuma yako akisema, haraka, haraka,
na yeye alikuwa na haraka ya nani?

Mama yangu alitunga mashairi ya harusi,
akihesabu mizani kwa vidole, nane na nane.
Ubeti uliopungua silabi moja aliurudisha,
hata kama mtunzi ni kaka yake,
hata kama bwana harusi yuko mlangoni.
Sikujua kwamba hiyo ndiyo kazi niliyokuwa najifunza.

Nilipofika hapa walinipa miezi mitatu ya majaribio.
Jurgen wa Stuttgart walimpa wiki.
Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kwenye cheti
mna safu ya namba, ya joto, ya kosa, ya sahihi.
Safu ya nchi haimo.

Clifford anaisoma yake mara mbili.
Anaenda nayo dirishani, ingawa dirisha halifunguki,
kama babu zake wa Chapelfields
waliotafuta nuru ya juu kwa ajili ya saa.
"Inatengenezeka?"
Inatengenezeka. Skrubu ibadilishwe.
"Na hizo skrubu siku hizi zinatoka wapi?"

Namwambia sijui.
Nitaipima ikifika.